Intakula Kubwa Si Lazima Iwe na Faida

WAFANYABIASHARA wengi wa vipuri na wamiliki wa magari ya biashara huamini kuwa intakula ikiwa kubwa zaidi, gari nalo litavuta zaidi. Imani hiyo huwaacha baadhi yao na mali isiyotoka dukani, na wengine na magari yanayochemsha mlimani baada ya fundi kufunga kifaa kipya mbele ya rejeta.

Ukweli ni kwamba intakula huchaguliwa kwa kiasi cha hewa inayopita ndani yake, si kwa upana unaoonekana kwa macho. Mfanyabiashara anayejua hesabu hiyo hununua mali inayotoka. Mwekezaji mdogo mwenye gari moja au mawili anayeijua hukwepa kutumia fedha mara mbili: kwanza kununua kifaa kisichomfaa, kisha kulipa gereji ili kikatolewe.

KAZI YA INTAKULA

Tabo ni kifaa chenye magurudumu mawili juu ya mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. La pili huvuta hewa ya nje, huibana na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Hewa nyingi ikiingia, dizeli au petroli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini.

Tatizo ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, kama anavyojua yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo. Hewa ya moto hutanuka, hivyo lita moja ya hewa hiyo hubeba oksijeni kidogo. Kwa hiyo tabo hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mkono mwingine.

Intakula huwekwa kati ya tabo na injini ili kuondoa joto hilo. Hewa ya tabo hupita ndani ya mirija, na hewa ya nje hupita kwenye mapezi yaliyo katikati ya mirija hiyo. Kwa umbo inafanana na rejeta, tofauti ni kwamba ndani yake hupita hewa badala ya maji.

Chukua mfano wa Dar es Salaam mchana, joto la nje likiwa nyuzi 32. Tabo inasukuma kwa mgandamizo wa baa 0.8, sawa na takriban psi 12 kwa kipimo cha upepo wa tairi. Kama ufanisi wa tabo hiyo ni asilimia 70, hewa itatoka ikiwa na joto la takriban nyuzi 112. Maji yanayochemka jikoni pwani huwa na nyuzi 100. Hewa yenye joto kuliko maji hayo ndiyo inayopelekwa kwenye silinda za gari lisilo na intakula.

FAIDA HUPUNGUA KADIRI UKUBWA UNAVYOPANDA

Ubora wa intakula hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni sehemu gani ya joto lililoongezwa na tabo inaondolewa. La pili ni mgandamizo kiasi gani unapotea hewa ikipita ndani yake. Mnunuzi anayeuliza swali la kwanza na kusahau la pili amenunua nusu ya taarifa.

Kwa mfano huohuo wa Dar es Salaam, tuseme uzito wa lita moja ya hewa ya nje ni 100. Gari lenye tabo bila intakula litapeleka kwenye injini hewa yenye uzito wa takriban 143 kwa kila lita.

Likifungwa intakula ndogo inayoondoa nusu tu ya joto na kupoteza baa 0.15, hewa itaingia ikiwa na nyuzi 72 na uzito wa takriban 146. Faida ni ndogo kiasi kwamba dereva anaweza asiione kabisa.

Likifungwa intakula ya wastani inayoondoa asilimia 70 ya joto na kupoteza baa 0.05, hewa itaingia ikiwa na nyuzi 56 na uzito wa takriban 162. Hapo ongezeko juu ya ile ndogo ni asilimia 11. Hiyo ndiyo hatua yenye fedha.

Likifungwa intakula kubwa inayoondoa asilimia 80 kwa upotevu uleule wa baa 0.05, hewa itaingia ikiwa na nyuzi 48 na uzito wa takriban 166. Ongezeko juu ya ile ya wastani ni kama asilimia mbili na nusu. Mteja amelipa zaidi, amekata bampa na kuongeza mabomba, lakini alichopata ni kidogo.

Zaidi ya hapo, kama mabomba marefu ya intakula hiyo kubwa yatapoteza baa 0.1 badala ya 0.05, uzito wa hewa utashuka tena hadi 162. Maana yake gharama yote ya kutoka ya wastani kwenda kubwa imeishia kwenye kona za mabomba.

Hali hii inafanana na mbolea shambani. Mfuko wa kwanza huongeza mavuno, wa pili huongeza kidogo, na wa tatu huwa hasara. Mwenye intakula ndogo kupita kiasi ana sababu ya kubadili. Mwenye ya wastani inayofaa injini yake hana haja ya kwenda mbali zaidi, isipokuwa anaongeza mgandamizo wa tabo.

LITA ZA INJINI PEKE YAKE HAZITOSHI

Kosa la kawaida dukani ni kumuuliza mteja gari lake ni la lita ngapi na kumpa intakula kwa jibu hilo. Injini kubwa yenye mwendo mdogo na injini ndogo yenye mwendo mkubwa zinaweza kumeza hewa inayokaribiana sana.

Hesabu yake ni rahisi. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo zidisha lita za injini kwa nusu ya mizunguko ya juu kwa dakika, kisha punguza kidogo kwa sababu silinda hazijai kabisa. Jibu hilo ni lita za hewa kwa dakika. Zidisha tena kwa uzito wa hewa baada ya kubanwa na kupozwa, nawe utapata kilo kwa dakika.

Injini ya Subaru ya petroli ya lita 2, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika na silinda zikijaa kwa asilimia 90, huvuta karibu lita 5,400 kwa dakika. Kwa mgandamizo wa baa 0.8 na intakula ya wastani, lita hizo zina uzito wa takriban kilo 10.

Injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser ya lita 4.2, ikizunguka mara 3,400 na silinda zikijaa kwa asilimia 85, huvuta karibu lita 6,000 kwa dakika. Kwa mgandamizo huohuo, uzito wake ni takriban kilo 11.

Injini ya pili ni kubwa mara mbili ya ile ya kwanza, lakini hewa yake imezidi kwa sehemu moja tu ya kumi. Muuzaji aliyepanga intakula zake rafuni kwa lita za injini atampa mwenye Subaru iliyo ndogo mno, na mwenye Land Cruiser iliyo kubwa mno. Wote wawili watarudi kulalamika.

Hewa ya kilo 10 kwa dakika ikipozwa kutoka nyuzi 112 hadi 56 humwaga nje joto la zaidi ya kilowati 9. Ni sawa na majiko tisa ya umeme ya kilowati moja moja yakiwaka kwa pamoja mbele ya gari. Joto hilo lazima liende mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni kwenye rejeta.

YA KIWANDANI NDIYO KIPIMO CHA KUANZIA

Kwa mfanyabiashara asiye na vyombo vya kupimia, intakula iliyokuja na injini kutoka kiwandani ndiyo kipimo cha kuaminika cha kuanzia. Kiwanda kiliichagua kwa hewa ya injini hiyo, kwa nafasi iliyopo na kwa rejeta iliyopo. Mteja ambaye hajabadili kitu kwenye injini yake anahitaji ukubwa uleule, ukiwa mzima na msafi.

Mteja aliyeongeza mgandamizo wa tabo ana hesabu nyingine. Tuseme ametoka baa 0.8 hadi baa 1. Hewa inayopita imeongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi. Lakini joto nalo limepanda, maana tabo inabana zaidi: hewa sasa inatoka ikiwa na karibu nyuzi 127 badala ya 112. Ukijumlisha yote mawili, mzigo wa joto umeongezeka kwa karibu theluthi moja.

Hivyo ongezeko la uso wa intakula linalohitajika liko kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja. Kama ya kiwandani ina uso wa sentimeta 50 kwa 20, yaani sentimeta za mraba 1,000, inayofaa ni yenye kati ya 1,100 na 1,330. Intakula za sentimeta 60 kwa 30 zinazouzwa kama za magari yote zina sentimeta za mraba 1,800. Hizo zimezidi ya kiwandani kwa asilimia 80, na mteja huyu hazihitaji.

UPANA NA UNENE SI KITU KIMOJA

Wauzaji hupenda kusifia unene. Intakula nene huonekana imara na hujaza mkono. Hata hivyo hewa ya nje inayoingia mbele hupata joto mara tu inapopita kwenye safu za mwanzo. Ikifika nyuma tayari ni ya moto, na kazi yake huko ni ndogo. Kuongeza unene mara dufu hakuongezi upozaji mara dufu, ila huzuia hewa isipite kwenda kwenye rejeta.

Upana na urefu wa uso unaokabili upepo ndiyo eneo lenye faida. Kwa hiyo kati ya intakula mbili zenye ujazo sawa, ile pana na nyembamba huwa bora kwa gari la kawaida la barabarani, mradi iwepo nafasi.

Kuna aina mbili kuu za utengenezaji. Ya kwanza ni ya mirija na mapezi, ambayo ni nyepesi na hupitisha upepo kwa urahisi kwenda kwenye rejeta. Ya pili ni ya mabamba na pau, ambayo ni nzito, huvumilia mgandamizo mkubwa na kokoto za barabarani, lakini huchukua muda kupoa ikishapata moto. Kwa gari la abiria au la mizigo linalotumika kila siku, aina ya kwanza yatosha. Ya pili ina wateja wake katika magari ya mashindano na yale yaliyoongezwa mgandamizo sana.

Mabomba nayo yana hesabu. Hewa ya kilo 10 kwa dakika, ikishapozwa, hupita kwenye bomba la kipenyo cha inchi 2 kwa mwendo wa takriban mita 46 kwa sekunde. Katika bomba la inchi 2 na nusu, mwendo hushuka hadi karibu mita 29. Yote mawili yanakubalika. Bomba la inchi 3 kwa gari la aina hii ni fedha iliyopotea, na linaongeza nafasi ambayo tabo lazima iijaze kabla injini haijasikia nguvu. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini dereva wa mjini anayesimama na kuondoka mara mia kwa siku huihisi.

PWANI NA BARA

Wapo wanaodhani kuwa mteja wa nyanda za juu anaweza kuuziwa intakula ndogo kwa kuwa kwake kuna baridi. Hesabu inaonyesha vinginevyo.

Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mgandamizo wake wa asili ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Ili tabo ionyeshe baa 0.8 ileile kwenye geji, lazima ibane hewa karibu mara mbili, wakati pwani ingebana mara 1.8. Hata joto la nje likiwa nyuzi 24 tu, hewa itatoka kwenye tabo ikiwa na takriban nyuzi 114. Hiyo ni zaidi kidogo ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32.

Aidha hewa ya nje inayotegemewa kupoza intakula nayo ni nyepesi, kwa takriban asilimia 15 pungufu ya ile ya pwani. Mteja wa Nairobi, Iringa au Mbeya hatakiwi kupewa ndogo kwa sababu ya baridi ya asubuhi.

Jambo jingine ni mwendo. Intakula hutegemea upepo unaoletwa na gari kutembea. Lori lililojaa likipanda mlima Kitonga mkoani Iringa, katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, hutambaa kwa gia ndogo huku injini ikifanya kazi yake yote. Upepo haupo, joto lipo. Ndiyo maana katika malori intakula huwekwa mbele ya rejeta, ambako feni kubwa ya injini huvuta hewa kupitia vyote viwili hata gari likiwa taratibu. Fundi anayehamisha intakula ya lori kwenda mahali ambapo feni haivuti, hata kama ni pana, amempunguzia mwenye lori nguvu mahali anapoihitaji zaidi.

Magari madogo yana hali yake. Subaru Forester yenye tabo na Toyota Hilux ya lita 3 ya D-4D ni mfano wa magari yenye intakula juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Mabomba yake ni mafupi na injini huitikia upesi. Tatizo ni foleni. Gari likisimama, joto la injini hupanda na kuipasha intakula yenyewe, na dakika za mwanzo baada ya kuondoka nguvu hupungua. Kuhamishia intakula mbele kunaondoa tatizo hilo, lakini kunaongeza mabomba na kuifunika rejeta. Kwa gari lisiloongezwa mgandamizo, mabadiliko hayo mara nyingi hayalipi.

REJETA IKIFUNIKWA

Hasara inayowapata wengi haitoki kwenye intakula yenyewe, hutoka nyuma yake. Intakula kubwa mbele ya rejeta hufanya mambo mawili kwa pamoja: hupunguza hewa inayofika kwenye rejeta, na hiyo inayofika huwa imeshapashwa moto. Gari lililokuwa likipanda mlima bila wasiwasi huanza kuchemsha. Mwenye gari hubadili thermostati, kisha rejeta, kisha pampu ya maji, kumbe chanzo kiko mbele ya macho yake. Akichelewa hufika kwenye gasketi ya kichwa cha silinda, na hapo hesabu ya faida imekwisha.

Muuzaji makini humuuliza mteja kama gari lina kondensa ya AC, kama rejeta imewahi kuzibuliwa na kama feni ni nzima. Gari ambalo rejeta yake tayari imeziba nusu halifai kuongezewa kitu mbele. Lianze na rejeta.

SOKO LIKO WAPI

Mfano mzuri wa mahitaji halisi ni Land Cruiser. Injini ya 1HD-T iliyoingia katika mfululizo wa 80 mwaka 1990, na ile ya 1HD-FT iliyofuata mwaka 1995, zilikuwa na tabo lakini hazikuwa na intakula kutoka kiwandani. Wamiliki wa magari hayo wanaobeba mizigo au kuvuta tela ndio wanaofaidika waziwazi, kwa sababu wanatoka kwenye kutokuwa na intakula kabisa kwenda kwenye ya wastani.

Injini iliyozifuata, 1HD-FTE, inaonyesha tofauti hiyo katika takwimu za kiwanda. Katika soko la Australia, Land Cruiser 100 yenye injini hiyo na intakula ilitajwa kuwa na kilowati 151, wakati gari la mfululizo wa 79 lenye injini ya jina hilohilo bila intakula lilitajwa kuwa na kilowati 122. Tofauti yote si ya intakula peke yake, maana mpangilio wa dizeli nao ulitofautiana. Lakini bila kupoza hewa, dizeli ya ziada isingeongezwa kwa usalama.

Hilo ni jambo la kumweleza mteja kabla hajalipa. Injini ya dizeli ikifungwa intakula bila kurekebishwa pampu, faida ya kwanza ni kupungua kwa moshi mweusi na joto la moshi, yaani pistoni na tabo hupata nafuu. Nguvu ya wazi huja baada ya fundi mwenye ujuzi kuongeza dizeli kwa kiasi. Kwa injini ya petroli, hewa baridi hupunguza hatari ya injini kugonga, hatari ambayo huongezeka petroli inapokuwa ya kiwango cha chini.

Kwa upande mwingine, soko la magari mapya zaidi linabadilika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo injini za kizazi kipya hufika mapema katika gereji za Nairobi na Mombasa. Baadhi yake, kama Volkswagen za 1.4 TSI, zina intakula inayopozwa kwa maji, iliyojengwa ndani ya manifoldi ya hewa. Mfanyabiashara anayeagiza intakula za kawaida za mbele kwa ajili ya magari hayo atabaki nazo. Vinavyohitajika huko ni rejeta ndogo ya maji ya intakula, pampu yake ya umeme na mipira.

KUKAGUA MTUMBA

Intakula nyingi zinazouzwa Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ni za mtumba. Mtumba mzuri wa kiwandani mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotengenezwa. Hata hivyo kuna mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, oili. Utando mwembamba ndani ni wa kawaida. Oili inayotiririka ni dalili kwamba tabo ya gari ilikotoka ilikuwa inavuja. Katika injini ya dizeli oili iliyotuama ni hatari, maana ikivutwa kwa wingi injini huichoma kama dizeli na kupandisha mwendo yenyewe hata ufunguo ukizimwa. Intakula ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha maji moto na sabuni, ikaushwe kabisa kabla ya kufungwa.

Pili, vipande vya chuma. Kama tabo ya gari la awali ilivunjika, vipande vyake hukaa ndani ya mirija na vinaweza kutoka baadaye, vikaingia kwenye silinda. Mnunuzi aitikise na kuigonga juu ya kitambaa cheupe. Ikimwaga chembe za chuma, iachwe, hata kama bei ni ya kutupa.

Tatu, uvujaji. Zibwa upande mmoja, jazwa upepo wa psi 15 hivi upande wa pili, kisha izamishwe kwenye beseni la maji. Mapovu yakitoka kwenye kiungo cha tanki la plastiki na kiini, matengenezo yake ni ya shida. Yakitoka kwenye alumini, fundi wa kuchomelea alumini anaweza kuiokoa. Vizibo vifungwe vizuri, maana vikichomoka vinaweza kuumiza.

Nne, mapezi. Yaliyolala kidogo hunyooshwa. Yanayopukutika kama majivu yameliwa na chumvi, hali inayoyapata magari yaliyokaa karibu na bahari.

HESABU YA MTAJI

Tuseme mwenye duka amenunua intakula 20 kubwa za aina moja kwa shilingi 250,000 kila moja, jumla shilingi 5,000,000, akitarajia kuuza kwa shilingi 350,000. Zinatoka 8, naye anapata faida ya shilingi 800,000. Zinazobaki 12 zimefunga mtaji wa shilingi 3,000,000. Kama mtaji huo ni wa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba yake ni shilingi 540,000, yaani theluthi mbili ya faida yote. Takwimu hizi ni za mfano, lakini kila mmoja anaweza kuweka zake.

Mtaji huohuo ungegawanywa katika aina nne au tano za kiwandani za magari yanayotembea mjini kwake, mali ingezunguka haraka zaidi. Duka la vipuri hulipwa na mzunguko, si na ukubwa wa kipande kimoja.

Kwa mwenye gari la biashara hesabu ni hii. Tuseme gari linatembea kilometa 200 kwa siku na kula lita 25. Likiokoa asilimia 3, ni lita 0.75 kwa siku. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita na siku 26 kwa mwezi, anaokoa shilingi 58,500. Kazi nzima ikimgharimu shilingi 1,200,000, atairudisha kwa zaidi ya miezi 20. Anayefuata dizeli peke yake aifikirie mara mbili. Anayepanda milima na mzigo kila siku ana sababu ya pili, nayo ni uhai wa injini, ambao thamani yake ni kubwa kuliko lita zilizookolewa.

KWA UFUPI

Muuzaji aulize aina ya injini, mgandamizo wa tabo na njia gari linapopita, kabla ya kuuliza mteja ana shilingi ngapi. Asiyeongeza mgandamizo apewe ukubwa wa kiwandani. Aliyeongeza kidogo aongezewe uso kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja, si mara dufu. Upana utangulie unene, na mabomba yawe mafupi. Rejeta ikaguliwe kwanza, na mtumba uzamishwe majini kabla ya fedha kutoka mfukoni.